Pumzi Nilizozikata

Siku ile mchumba wangu alimwambia mwanamke mwingine "nakupenda" mara kumi na moja, na mimi ndiye niliyeketi kuchagua ile iliyotoka vizuri.

Ilikuwa ya tisa. Ya kwanza mpaka ya nne alikuwa anasoma tu. Ya tano alikohoa katikati. Ya sita mpaka ya nane zilikuwa za mtu anayetaka kumaliza kazi akale. Lakini ya tisa alishusha sauti, akaacha nafasi ndogo kabla ya neno, kama mtu anayeweka yai juu ya meza, nami upande wa pili wa kioo, hedifoni masikioni, nikahisi nywele za shingo zikisimama. Mimi hajawahi kuniambia hivyo. Mimi huniambia "nakupenda" huku anatafuta kiatu.

"Ya tisa," nikasema kwenye maiki ya mezani. "Tuendelee."

"Hata mimi nimeisikia," akasema yule mwanamke, akicheka. "Mkasi, huyu mtu wako ungemfunga kamba."

Mkasi ni mimi. Kazi yangu ni kukata. Studio yetu ni vyumba viwili vilivyo juu ya duka la magodoro, na vipande vya magodoro hayo hayo tumevibandika ukutani ili sauti isirudi. Tunachukua filamu za watu wa mbali na kuzitia Kiswahili. Waigizaji husimama kwenye maiki, huangalia midomo ya watu wengine kwenye skrini, na kusema maneno yawaingie mdomoni sawasawa. Wakishaondoka, mimi hubaki kusafisha. Naondoa kelele za karatasi, mate, kikohozi, na zaidi ya yote pumzi. Mtazamaji hataki kusikia mtu akivuta hewa kabla ya kusema jambo zuri. Anataka lile jambo tu.

Mchumba wangu tunamwita Kanali, kwa sababu katika uigizaji wake wa kwanza alikuwa kanali aliyekufa dakika ya saba. Yule mwanamke tunamwita Bi Harusi. Ameolewa katika filamu tisa. Nje ya filamu ana mume mmoja, dereva wa lori, ambaye haonekani sana. Na filamu tuliyokuwa tunaimalizia ilikuwa ya mwanamke anayempenda mwanamume mgonjwa. Kila kipande wanashikana mikono kando ya kitanda. Kila kipande, Kanali na Bi Harusi walilazimika kusimama kwenye maiki moja, bega kwa bega, wakipumua hewa moja, na mimi nikiwatazama kama samaki ninaowafuga.

Ningevumilia. Mapenzi ya kwenye karatasi nimeyazoea. Lakini tangu miezi miwili iliyopita palikuwa na Alhamisi.

"Alhamisi mchana usije," Kanali aliniambia. "Tunafanya mazoezi tu. Nikikuona nyuma ya kioo nasahau mistari."

"Miaka mitatu umeniona, hujawahi kusahau."

"Basi nimezeeka." Akacheka, kicheko kikageuka kikohozi, akanywa maji. Chupa ile ya maji ya moto alikuwa ameletewa na Bi Harusi. Nilijua kwa kifuniko, kina ua la zambarau.

Nyumbani nilimwambia mama, nikijifanya nauliza jambo la mtu mwingine. Mama alikuwa anapiga pasi, na mama akipiga pasi husema kweli.

"Mwanangu, mimi sikumkataa kwa sura wala kwa ukoo," alisema. "Nilikwambia tangu siku ya kwanza. Mtu anayelipwa kusema nakupenda, utajuaje siku anayosema bure?"

"Ni kazi, mama."

"Hata kudanganya ni kazi, wapo wanaolipwa." Akageuza kola ya shati. "Na huyo mwenzake anayesimama naye, ni mzuri?"

"Ana sauti nzuri."

"Sikuuliza sauti."

Alikuwa mzuri. Wiki ile alikuja kazini na gauni jipya la kijani lililomkaa kana kwamba fundi alimshonea akiwa amesimama ndani yake, na Kanali akamwambia mbele yangu, "Rangi hiyo inapendeza kweli." Mimi siku hiyo nilikuwa nimevaa sweta la kaka yangu.

*

Ijumaa asubuhi niliingia studio peke yangu. Palikuwa na neno moja kwenye kipande cha Jumatano nililokuwa nimelikata kwa bahati mbaya, nikataka kulirudisha. Mashine yetu ina tabia yake: ukifuta kitu, hakifutiki. Kinahamia kwenye folda ya takataka, kinakaa humo mpaka mtu aimwage. Mtu huyo ni mimi, na mimi ni mvivu, sijaimwaga tangu mwaka jana. Wengine wote hapo wanaamini kwamba kufuta ni kufuta.

Nikaifungua. Vipande maelfu, vingi vya nusu sekunde. Katikati yake nikaona vitu ambavyo sikuvikata mimi: faili tisa ndefu, zote za Alhamisi, saa nane mchana.

Nikavaa hedifoni.

Ilikuwa sauti ya Kanali, ile ile ya mara ya tisa.

"Nimekuamsha? Samahani. Nilitaka niwe wa kwanza kukusalimia leo. Vaa ile nguo ya kijani. Nakupenda, unajua."

Kisha Bi Harusi, kwa karibu, kwa upole ambao sikuwahi kuusikia kwake hata kwenye zile harusi tisa: "Rudia. Polepole. Usiigize."

Kisha Kanali: "Mkasi asijue. Niahidi."

"Nimekuahidi. Lakini moyo unanisuta."

Nikazima. Nikakaa. Chini, duka la magodoro lilikuwa linafunguliwa, mtu anaburuta chuma sakafuni. Niliwaza mambo mengi ya kijinga. Niliwaza kwamba gauni lile la kijani nililisifia hata mimi. Niliwaza kwamba kwa miezi miwili nimekuwa nikizisafisha sauti zao, nikizipanga, nikiwaondolea kila dosari ili wapendane vizuri zaidi. Nilijiona kama mtu anayetandika kitanda cha wenzake.

Sikulia. Nilizivuta zile faili, nikaziweka mahali nitakapozifikia kwa kidole kimoja.

*

Walifika saa tisa kurekodi kipande cha mwisho. Katika kipande kile yule mgonjwa anamuaga mpenzi wake. Kanali alikuwa amevaa skafu shingoni na jua liko nje. Alinipungia mkono kupitia kioo. Bi Harusi akamfungulia chupa.

Nikawasha taa nyekundu. Kwenye skrini yule mgonjwa akafumbua macho.

"Usilie," akasema Kanali. "Mimi..."

Nikabonyeza. Badala ya muziki wa filamu, wakasikia masikioni mwao: Nimekuamsha? Samahani. Nilitaka niwe wa kwanza kukusalimia leo.

Niliwatazama nyuso. Nilitaka kuona hatia, nilikuwa na haki ya kuiona. Kanali aliweka mkono juu ya hedifoni kama mtu aliyepigwa kofi. Bi Harusi akafumba macho. Niliwaachia yote, mpaka lile neno "niahidi".

"Tafadhali rudieni," nikasema kwenye maiki. "Polepole. Msiigize."

Bi Harusi ndiye aliyevua hedifoni kwanza.

"Mwambie," akamwambia Kanali.

"Sio leo. Tumalize hiki kipande."

"Mwambie, au namwambia mimi. Nimechoka kulala na siri ya mtu, mume wangu ananiuliza naota nini."

"Nasikia vizuri," nikasema. "Mashine ni nzuri. Semeni tu."

Bi Harusi akatoka kwenye chumba cha kurekodia, akaja upande wangu, gauni la kijani likisugua mlango. Nilisimama. Nadhani alifikiri nitampiga, na sina hakika kwamba alikosea.

"Mkasi, mimi nina mume mmoja na kelele zake zinanitosha," alisema. "Wa kwako simtaki. Nilichokuwa nafanya humu ni kubonyeza hicho kitufe chekundu, kwa sababu yeye hajui. Na kuzihamishia kwenye simu yake, kisha kuzifuta, kumbe kufuta sijui." Akachukua mkoba wake. "Hayo maneno hakuniambia mimi. Muulize hiyo nguo ya kijani iko wapi."

"Umeivaa."

"Hii niliinunua sokoni na dada yangu. Muulize."

Akaondoka. Nilisikia visigino vyake mpaka chini kabisa.

Kanali hakutoka. Alibaki kwenye maiki, kioo kikiwa kati yetu, akavua skafu. Upande wa kushoto wa shingo, chini ya taya, palikuwa na uvimbe kama kokwa la tende. Nilikuwa nimelala juu ya bega lake la kulia kwa miezi, sikuwahi kulala upande wa kushoto. Alikuwa ananichagulia upande.

"Ni saratani," akasema. "Ya koo. Iko kwenye kisanduku cha sauti."

Maneno yale yaliingia masikioni mwangu safi, bila kelele yoyote, kama nilivyofundishwa kuyataka.

"Lini?"

"Nimejua miezi miwili sasa."

"Na yeye amejua lini?"

"Mkasi."

"Nimekuuliza. Yeye amejua lini?"

Najua lilikuwa swali baya. Mtu ananionyesha uvimbe shingoni, mimi naulizia foleni. Lakini wivu hauna adabu, na ule uliokuwa umenikaa kooni tangu asubuhi ulikuwa umepata tu mahali pengine pa kushika.

"Siku ile ile," akasema. "Nilikohoa kwenye leso, ikatoka damu. Alikuwa amesimama kando yangu, angekosaje kuona? Yeye ndiye aliyenipeleka kwa daktari."

"Mimi nilikuwa hapa. Mita tatu."

"Ulikuwa nyuma ya kioo. Ulikuwa unaangalia mashine." Hakulisema kwa ukali. Ingekuwa afadhali angelisema kwa ukali. "Kila nilipokohoa, ulikata. Kila nilipokwama, ulinishona. Nikisikiliza kazi ikishamalizika najiona mzima kabisa. Nilipenda kubaki hivyo, angalau kwako."

Nikakaa chini.

"Na hizo faili?"

"Daktari anataka kunipasua. Atajitahidi kuacha sehemu, lakini huenda atoe kisanduku chote. Basi nikaona nikuwekee. Faili ishirini. Siku zako za kuzaliwa. Siku ukiwa na homa. Siku umegombana na mama yako kwa sababu yangu." Akajaribu kucheka. "Ile uliyoisikia ni ya mwezi ujao. Nguo iko kwa fundi. Ni yako. Rangi nilimuuliza Bi Harusi, mimi rangi sijui."

"Anapasua lini?"

Akaangalia karatasi ya mistari.

"Kanali. Lini?"

"Ilikuwa wiki mbili zilizopita. Nikaomba wasogeze. Nilitaka nimalize filamu, nimalize na zako. Zimebaki kumi na moja."

"Alisemaje daktari uliposogeza?"

"Alisema kila wiki nikichelewa, kinachobaki kinapungua."

"Kinachobaki cha sauti?"

"Cha sauti kwanza." Akaikunja karatasi ya mistari. "Na mama yangu nimemwambia nitakuachia uhuru. Mama yako alishanikataa nikiwa na sauti. Nisipokuwa nayo nitakuja kwake kuomba nini, kwa ishara? Kaa na hizo faili. Zitakuwa nzuri kuliko mimi. Zile nimerudia mpaka zikatoka sawa."

Hapo ndipo nilipojua niliyekuwa namwonea wivu. Hakuwa Bi Harusi, wala gauni lake wala chupa yake. Ilikuwa ile sauti ya mara ya tisa. Iliupata moyo wake mzima, mimi nikapata mabaki, ya kutafuta kiatu. Sasa alikuwa anataka kujitoa mwenyewe aniachie hiyo, na alikuwa anaihatarisha shingo yake ili niipate kamili.

Nikaifungua tena folda ya takataka.

"Vaa hedifoni," nikasema.

"Mkasi, nimechoka."

"Vaa. Umenirekodia tisa, nisikilize moja."

Akavaa. Nikachagua vipande vyake vyote nilivyokata tangu filamu hii ianze, nikavipanga kwa tarehe, nikavifuatanisha. Kazi ya dakika mbili kwa mtu anayeitwa Mkasi. Kisha nikabonyeza.

Zilikuwa pumzi tu. Za mwanzo laini, za mtu mwenye kifua kipana, unasikia kabisa anatabasamu. Kisha moja yenye mkwaruzo. Kisha kikohozi. Kisha mbili nzuri, nikamwona anainua kichwa kwa matumaini. Kisha mikwaruzo mfululizo, na hewa inayopita kwenye tundu dogo, ikipiga mluzi. Za mwezi huu zilikuwa kama mtu anayepanda ngazi na gunia. Hii hapa ilikuwa filamu yetu, nikafikiri, na niliikata yote.

Kanali alikuwa ameshika kingo za stendi ya maiki kwa mikono miwili.

"Ndiye mimi huyo?"

"Ndiye wewe. Wengine wamepewa yule msafi. Mimi nikifumba macho kwenye chumba cha watu ishirini nakujua kwa unavyovuta hewa kabla hujasema kitu. Ulijua hilo?"

Akatikisa kichwa.

"Basi jua. Hayo maneno mazuri wachukue. Hata Bi Harusi achukue. Sitaki faili ishirini, nataka mtu anayekoroma. Ukija kwa mama na ishara, mimi nitatafsiri. Si ndiyo kazi yangu, kutafsiri midomo?"

"Na ikishindikana? Wanipasue na bado..."

"Basi nitakuwa nimekuwepo. Upande huo wa kioo, sio huu." Sauti yangu nayo ilikuwa imeanza kukwaruza. "Lakini usinifanye wa mwisho tena. Hilo siwezi. Ukikohoa, mimi kwanza. Ukiogopa, mimi kwanza. Huyo mwanamke mwambie tunamshukuru, na chupa yake nitaiosha nimrudishie kesho."

Alicheka kweli, akakohoa kweli. Sikugusa mashine.

"Kipande kimebaki kimoja," akasema. "Kile cha kuaga. Ni sentensi nne tu. Nirekodie, halafu napiga simu."

Nilitazama skrini. Yule mgonjwa alikuwa amesimamishwa pale pale, mdomo wazi, akisubiri sauti ya mtu wangu ili amuage mpenzi wake. Najua bosi angesema nini Jumatatu. Najua pia sentensi nne huwa kumi na moja.

"Piga simu kwanza," nikasema.

"Dakika tano tu, Mkasi."

"Buriani sikati, sirekodi. Atafutwe mtu mwingine wa kuaga."

Nikanyoosha mkono nikazima taa nyekundu. Kisha nikavua hedifoni, nikaziweka mezani, nikafungua mlango mzito na kuingia upande wake. Kwa miaka mitatu nilikuwa nimeingia mle kufagia na kurekebisha waya tu. Hewa yake ni nzito, inanuka sponji na chai. Niliketi kwenye kiti cha Bi Harusi. Ndiyo, nililifikiria hilo, na ndiyo, nilikisogeza karibu zaidi ya alivyokuwa amekiweka yeye.

Kanali akatoa simu. Ililia muda mrefu. Alipopokelewa alieleza jina la daktari, akaeleza tarehe aliyoikosa. Bila maiki sauti yake ilikuwa ndogo, imechanika pembeni kama kitambaa cha zamani.

"Jumatatu asubuhi," akasema. "Ndiyo. Sitasogeza tena." Akasikiliza. "Nani atanisindikiza?"

Akageuka kuniangalia. Akavuta hewa, nikaisikia ikipita kwenye lile tundu dogo, ikipiga mluzi, na nikajua anachotaka kusema kabla hajasema.

"Mchumba wangu," akamwambia yule wa upande wa pili. "Ana wivu kidogo. Lakini hufika mapema."

Aliyasema yakitetemeka, huku mkono wake mmoja ukipapasa sakafuni kutafuta skafu iliyoanguka. Mashine ilikuwa imelala, hakuna kilichoyanasa. Niliyasikia mimi peke yangu, na pumzi yake ikiwamo.